MAISHA YA WATU WAKUBWA: AL-KHWARIZMI, BABA WA ALJEBRA



Namba hii tunawaletea maisha ya mtu ambaye jina lake halitajwi sana darasani, lakini kazi yake tunaifanya kila juma. Sababu ya kumchagua ni intero moja ya hesabu iliyotuangusha wengi. Swali lilikuwa hili: mfanyabiashara ana mchele wa namna mbili. Kilo moja ya mchele wa bei ya chini ni faranga 1.200, na kilo moja ya mchele mzuri ni faranga 1.800. Anataka kuchanganya apate kilo 60 zenye kugharimu faranga 1.400 kilo, asipate hasara. Atakamata kilo ngapi za kila namna?

Wengi wetu tuliandika x mbio mbio, kisha tukabaki kuangalia ubao. Wengine tuligawanya tu, 30 huku na 30 huku. Jioni, wale wenye kukaa ng'ambo, Kasuku na Mikelenge, walipokuwa wanavuka Lualaba, maneno yalikuwa mengi ndani ya mtumbwi: eti aljebra ni kitu cha Wazungu, eti waliiunda kwa kusumbua watoto wa watu, eti ku soko hakuna mtu anaitumia. Sisi nasi tulisema hivyo hivyo. Kisha tukaanza kusoma juu ya mtu huyu, tukaona haya. Maneno yale yote matatu si kweli.

KUZALIWA KWAKE NA MJI WA BAGHDAD

Jina lake kamili ni Muhammad ibn Musa al-Khwarizmi. Alizaliwa karibu na mwaka 780. Jina al-Khwarizmi linaonyesha asili yake, ni kusema mtu wa Khwarizm, inchi iliyo kusini ya bahari ya Aral. Leo inchi ile imegawanyika kati ya Uzbekistan na Turkmenistan. Basi hakuwa Mzungu. Alikuwa mtu wa Asia, Mwislamu, na vitabu vyake aliviandika kwa Kiarabu.

Kazi yake aliifanya Baghdad, mji uliojengwa tangu mwaka 762 kando ya mto Tigri, ule ambao Biblia yetu ya Kiswahili inauita Hidekeli. Wakati wake mtawala alikuwa khalifa al-Ma'mun, aliyetawala tangu 813 mpaka 833. Huyu khalifa alipenda elimu sana. Pale Baghdad kulikuwa Nyumba ya Hekima, mahali pa vitabu na pa watu wenye elimu. Katika mji ule vitabu vya Wayunani, vya Waajemi na vya Wahindi vilitafsiriwa kwa Kiarabu. Tena, mmoja wa watafsiri wakubwa wa miaka ile, Hunayn ibn Ishaq, alikuwa Mkristo. Hapa kwetu Maniema, ambapo Wakristo na Waislamu tunakaa mtaa mmoja na kuvuka mto katika mtumbwi mmoja, ni vizuri kujua kwamba elimu ile ilijengwa na mikono ya hawa na ya wale.

KITABU CHA ALJEBRA

Karibu na mwaka 820, al-Khwarizmi aliandika kitabu kidogo juu ya namna ya kuhesabu kwa al-jabr na al-muqabala. Kutoka neno la kwanza dunia yote ilipata jina aljebra. Aliandika ju ya nini? Yeye mwenyewe alieleza kusudi lake mwanzoni mwa kitabu: kusaidia watu katika mambo yenye kuwasumbua kila siku, ni kusema kugawanya urithi, kukata mashauri, kufanya biashara, kupima mashamba na kuchimba mifereji ya maji. Hakufikiri juu ya mitihani. Alifikiri juu ya ndugu wanaogombana kisha baba kufa, na juu ya muuzaji na mnunuzi wasioaminiana.

Kitu cha kutushangaza ni hiki: ndani ya kitabu chake hamna x hata moja. Hamna alama ya kujumlisha wala ya kutoa. Yote aliandika kwa maneno. Hesabu isiyojulikana aliiita mara nyingi kitu. Kitu kikizidishwa na chenyewe, alikiita mal, ndilo neno letu mali. Ile x ambayo tunaiogopa ilizoeleka tu kisha Mfaransa Descartes kutoa kitabu chake cha jiometri mwaka 1637, miaka mia nane nyuma ya al-Khwarizmi.

Na yale maneno mawili? Al-jabr ni kurudisha kilichopunguka. Waarabu walitumia neno hili hata juu ya kuunga mfupa uliovunjika. Katika hesabu, kama upande mmoja umepungukiwa, unaurudishia kile kilichopunguka, na upande wa pili unauongezea vilevile, haki isipotee. Al-muqabala ni kuweka pande mbili uso kwa uso, kisha kuondoa kwa kila upande kile wanachofanana. Kwa Kiswahili tunasema mkabala, neno la mzizi ule ule. Kumbe lugha ya aljebra tulikuwa nayo mdomoni tangu utoto!

SHAURI LA URITHI

Tukamate mfano mmoja uliomo ndani ya kitabu chake. Mtu mmoja alikufa, akaacha wana wawili. Aliagiza kwamba thuluthi ya mali yake apewe mtu mwingine asiye wa jamaa. Feza aliyoacha ni dirhamu 10. Lakini mwana mmoja alikuwa na deni la baba yake, nalo pia ni dirhamu 10. Namna gani watagawanya?

Tufikirie makelele yangekuwa namna gani kama ni kwetu. Mmoja angesema mwenye deni asipate kitu. Mwingine angesema deni lilikufa pamoja na muzee. Al-Khwarizmi hakupiga makelele. Alianza na kuita jina: fungu la yule mwana mwenye deni ni kitu. Fungu hilo anakatiwa ndani ya deni lake. Basi mali ya kugawanya ni 10 na kitu. Thuluthi inaenda kwa mgeni, thuluthi mbili zinabaki kwa wana wawili, ni kusema kila mmoja thuluthi moja. Kwa hiyo kitu ni sawa na thuluthi ya 10 na kitu. Mara tatu: vitu vitatu ni sawa na 10 na kitu kimoja. Tunaondoa kitu kimoja kila upande, vinabaki vitu viwili sawa na 10. Kitu ni 5.

Mgeni anapata 5, mwana asiye na deni anapata 5. Mwana mwenye deni hapokei hata dirhamu moja mkononi, kwa sababu fungu lake amekwisha kulila. Wafafanuzi wa kitabu husema kwamba kwa sheria aliyoifuata, deni lililozidi fungu lilihesabiwa kama zawadi ya baba. Kila mtu anaweza kufuata hesabu hii, na aliyekasirika naye anaweza kuirudia mwenyewe aone kama kuna uongo.

TURUDI KU MCHELE

Sasa tufanye intero yetu kwa njia ya muzee huyu, kwa maneno kwanza. Kilo za mchele wa bei ya chini tuziite kitu. Mchele mzuri ni kilo 60 kutoa kitu. Bei ya ule wa chini ni 1.200 mara kitu. Bei ya ule mzuri ni 1.800 mara 60, ndiyo 108.000, kutoa 1.800 mara kitu. Tukiunganisha, tuko na 108.000 kutoa vitu 600. Hii inapaswa kuwa sawa na bei ya mchele wote, 1.400 mara 60, ndiyo 84.000.

Upande mmoja umepungukiwa vitu 600. Al-jabr: tunaurudishia, na upande wa pili tunauongezea. Tunapata 108.000 sawa na 84.000 na vitu 600. Al-muqabala: tunaondoa 84.000 kila upande. Tunabaki na 24.000 sawa na vitu 600. Kitu ni 40.

Basi kilo 40 za bei ya chini na kilo 20 za mchele mzuri. Tuhakikishe: 40 mara 1.200 ni 48.000, 20 mara 1.800 ni 36.000, pamoja ni 84.000. Ni sawa kabisa. Na sisi tulioandika 30 na 30? Mchele wetu ungegharimu faranga 1.500 kilo. Kuuza kwa 1.400 ni kupoteza faranga 100 kila kilo, faranga 6.000 kwa kilo 60. Mama wa soko akifanya hivyo kila juma, feza ya shule ya watoto itatoka wapi? Hivi tusiseme tena kwamba hesabu hii haina kazi ku soko. Wale mama wengi wanaijua kichwani bila kuiita aljebra.

KAZI ZAKE ZINGINE NA KUFA KWAKE

Al-Khwarizmi aliandika pia juu ya tarakimu za Wahindi, zile 1 mpaka 9 pamoja na sifuri, tunazotumia mpaka leo. Aliunda majedwali ya mwendo wa jua, mwezi na nyota. Aliandika kitabu cha jiografia chenye mahali 2.402, kila mahali na vipimo vyake. Alikufa karibu na mwaka 850.

NAMNA KAZI YAKE ILITUFIKIA

Ilipita njia mbili. Njia ya kwanza ni Ulaya. Mwaka 1145, Mwingereza Robert wa Chester, akiwa Segovia kule Hispania, alitafsiri kitabu cha aljebra kwa Kilatini. Kitabu cha tarakimu nacho kilitafsiriwa, na jina la mwandishi likageuka Algoritmi. Ndiko linatoka neno algoritimu, lenye kutajwa sana siku hizi juu ya kompyuta na simu. Mwaka 1202 Leonardo wa Pisa, aliyejifunza tarakimu hizo akiwa kijana Bugia, inchi ya Algeria, alitoa kitabu kikubwa. Ndani yake kuna hesabu nyingi za kuchanganya, kama vile feza na shaba katika kuunda sarafu. Hesabu ya mchele wetu ni ndugu ya hesabu zile. Kutoka Ulaya zikaingia katika vitabu vya Kifaransa, na kutoka pale katika kaye zetu.

Njia ya pili ni Kiswahili chenyewe. Maneno hesabu, sifuri, nusu, thuluthi, robo na elfu yana asili ya Kiarabu. Yalitoka pwani pamoja na misafara, yakafika Nyangwe na Kasongo katika karne ya 19. Njia ile ilikuwa ya pembe za ndovu na ya watumwa, na machozi ya babu zetu hatuyasahau. Lakini maneno yalibaki, na leo ni yetu.

NENO LA MWISHO

Tumejifunza nini? Kwanza, kabla ya kuandika x, tuseme kwa Kiswahili kitu tunachotafuta ni nini. Ni kilo? Ni faranga? Ni fungu la nani? Kama hatuwezi kukisema, x haitatusaidia. Pili, kila tunachofanya upande mmoja, tukifanye na upande wa pili. Tatu, mwishoni tuhakikishe, kama yule anayepima mara ya pili mbele ya mnunuzi. Mchungaji hutukumbusha kwamba Mungu anachukia mizani ya udanganyifu. Aljebra ni mizani. Tusiidanganye, tena tusiiogope.

Na ninyi walimu wetu, tunawaomba kwa heshima: siku moja moja mtuache tueleze swali kwa maneno yetu kwanza, kisha tuandike.

ZOEZI KWA WASOMAJI. Duka liliongeza bei ya katoni ya kaye 20 kwa mia. Sasa katoni inauzwa faranga 6.000. Mwanzo ilikuwa bei gani? Tunawaonya: mwenye kupata 4.800 arudie. Aongeze 20 kwa mia juu ya 4.800, aone kama atafika 6.000. Ile 20 kwa mia ni ya bei ya zamani, na bei ya zamani ndiyo kitu.

Majibu mtuletee kabla ya namba ijayo. Mubaki na amani.