Rumanyika wa Karagwe na Somo la Ngeli

Hudhaniwa mara nyingi kwamba wenyeji wa Karagwe walianza kujifunza Kiswahili shuleni. Maisha ya Omukama Rumanyika yatuonyesha kwamba sivyo.

Rumanyika, mwana wa Ndagara, alitawala Karagwe katikati ya karne ya 19. Nchi yake ilienea katika wilaya za leo za Karagwe na Kyerwa. Kyerwa ilifanywa wilaya ya peke yake mwaka 2012. Makao yake yalikuwa Bweranyange. Baba yake alipofariki, aligombea kiti na nduguye Rogero, akasaidiwa na Musa Mzuri, mfanyabiashara Mhindi wa Kaze, karibu na Tabora. Misafara ya pembe za ndovu ilipita kwake kwa amani, na wafanyabiashara kutoka pwani walikuwa na kituo chao Kafuro.

Novemba 1861 Waingereza Speke na Grant walifika kwake. Rumanyika aliwaamkia kwa Kiswahili, na Speke aliandika kwamba kilikuwa Kiswahili kizuri. Speke alipoendelea na safari ya Buganda Januari 1862, Grant, aliyeugua mguu, alibaki akitunzwa pale kwa miezi kadhaa. Stanley naye alimzuru Rumanyika mwaka 1876. Miaka michache baadaye mtawala huyo alifariki.

Rumanyika hakuwa na darasa wala kitabu cha sarufi. Alikuwa na haja ya kuzungumza na wageni, na alikuwa na lugha yake ya kwanza. Mnyambo ye yote ajifunzaye Kiswahili, awe mfalme au mtoto wa Darasa la Kwanza, tayari anazo ngeli kichwani. Asemaye omuntu na abantu hashangazwi na mtu na watu. Asemaye ekintu na ebintu hufahamu upesi kitu na vitu. Huo ni mtaji, na mwalimu hana budi kuutumia.

Lakini lugha mbili zinazofanana huficha tofauti zao. Katika Karagwe ya Rumanyika ng'ombe alikuwa utajiri. Hata sanamu za ng'ombe za chuma zilikuwa miongoni mwa vifaa vya ufalme. Hata hivyo katika Kinyambo neno ente hufuata upatanisho wa ngeli yake, sawa na majina ya vitu vilivyomo katika ngeli hiyo. Kiswahili sanifu huwapa wanyama upatanisho wa watu. Basi mtoto aandikapo ng'ombe zinakunywa maji badala ya ng'ombe wanakunywa maji, hakosi kwa uvivu wala kwa upungufu wa akili. Anafuata kanuni, ila ni kanuni ya nyumbani.

Mwalimu amchekaye mtoto huyo humfundisha kunyamaza, na mtoto anyamazaye hajifunzi lugha. Tunapendekeza njia nyingine. Kwanza, andika ubaoni sentensi ya Kinyambo na ya Kiswahili, moja chini ya nyingine. Pili, waulize wanafunzi ni kiambishi gani kilichobadilika. Tatu, wape majina kama mbuzi, nyumba, kuku na meza, wayatenge ya wanyama na ya vitu, kisha watunge sentensi. Mwalimu asiyejua Kinyambo awaombe wanafunzi wenyewe wamtajie mifano. Kwa saa hiyo wao ndio wenye ujuzi.