Hugh Trowell

Hugh Carey Trowell (1904 – 1989) alikuwa daktari kutoka Uingereza aliyefanya kazi Kenya na Uganda kwa karibu miaka 30. Anajulikana kwa utafiti wake juu ya unyafuzi, na pia kwa kushuhudia jinsi unene wa kupindukia ulivyoingia Afrika ya Mashariki.

Maisha

Alisomea udaktari London, akafika Kenya mwaka 1929 pamoja na mke wake Margaret, ambaye baadaye alianzisha shule ya sanaa ya Makerere. Mwaka 1935 walihamia Kampala, naye akawa mwalimu Makerere na daktari katika hospitali ya Mulago. Watoto waliovimba miguu na kubadilika rangi ya nywele aliwadhania kuwa wana pelagra. Alikosea, kwa maana vitamini hazikuwaponya. Mwaka 1954, pamoja na J.N.P. Davies na R.F.A. Dean, alitoa kitabu kilichoeleza unyafuzi kama ugonjwa wa ukosefu wa protini.

Baada ya kuondoka Uganda alipewa upadri katika Kanisa la Anglikana, akahudumia parokia karibu na Salisbury.

Unene

Alipofika Kenya, Waafrika wanene walikuwa wachache mno. Hata penye chakula tele, watu walishiba wakabakiza. Mwaka 1956 Mwafrika mmoja mwenye ugonjwa wa mishipa ya moyo, jaji aliyezoea vyakula vya Kizungu, alitosha kuandikiwa makala ya kitabibu. Trowell alipozuru tena mwaka 1970, alikuta miji imejaa wanene na kliniki za kisukari. Urithi wa damu haubadiliki katika miaka 40. Hivyo alitafuta chanzo katika chakula: sukari, nafaka zilizokobolewa na uhaba wa nyuzinyuzi. Mwaka 1975 yeye na Denis Burkitt walitoa kitabu juu ya jambo hilo.

Trowell aliangalia sahani; watafiti wa baadaye wameingia ndani ya seli. Mwaka 2009 ilionekana kwamba watu wazima, si watoto wachanga tu, wana mafuta ya kahawia yanayofanya kazi. Tishu hiyo huchoma mafuta na sukari kuwa joto kwa msaada wa protini iitwayo UCP1 iliyomo katika mitokondria. Kwa wanene kazi hiyo hufifia: seli hujaa matone makubwa ya mafuta, mitokondria hupungua, na tishu hufanana na mafuta meupe ya akiba. Kama udhaifu huo ni chanzo cha unene au ni matokeo yake, wataalamu bado wanabishana.