Admeri Byrd, Rubani wa Nchi ya Barafu

Richard Byrd alizaliwa mwaka 1888 katika mji wa Winchester, Marekani. Tangu utoto alipenda safari. Hata kabla hajatimiza miaka 14 alikwenda visiwa vya Ufilipino bila wazazi wake. Alipokua akaingia chuo cha maofisa wa manowari huko Annapolis, akamaliza masomo mwaka 1912. Lakini alikuwa ameumia mguu katika michezo ya viungo, nao haukupona sawasawa. Ofisa wa manowari husimama zamu kwa saa nyingi, naye hakuweza. Mwaka 1916 akaondolewa kazini, naye ni kijana wa miaka 27 tu.

Byrd hakukubali kukaa bure. Aliona ya kuwa rubani hufanya kazi yake ameketi, basi akaomba kufundishwa kuendesha eropleni, na mwaka 1918 akawa rubani wa jeshi la manowari. Siku zile rubani aliyeruka juu ya bahari alipotea upesi, maana hapana mlima wala mto wa kumwonyesha njia. Byrd akatengeneza vyombo vya kupimia jua na upepo, navyo vikatumiwa mwaka 1919, eropleni ya manowari ya Marekani ilipovuka Atlantiki.

Mwaka 1926 yeye na rafiki yake Floyd Bennett waliruka kuelekea ncha ya kaskazini ya dunia, wakarudi wakasema wamefika. Walisifiwa mno, ingawa wako wataalamu wanaoshuku habari hiyo hata leo. Safari ya kusini haina shaka. Mnamo Novemba 1929 Byrd na wenzake watatu walikuta milima mirefu mbele yao, na eropleni ikashindwa kupanda kwa uzito. Iliwapasa kutupa petroli au chakula. Wakatupa chakula, ikapanda, wakapita. Walipofika juu ya ncha ya kusini Byrd akaangusha bendera iliyofungwa jiwe lililotoka kaburini kwa Bennett, aliyekufa mwaka uliotangulia. Kwa ajili ya safari hiyo akapewa cheo cha Admeri, yaani mkuu katika jeshi la manowari.

Mwaka 1934 alirudi katika bara lile la barafu na watu wengi. Alitaka hali ya hewa ipimwe ndani ya bara wakati wa baridi kuu, jambo ambalo halijafanywa na mtu. Kibanda kikafukiwa katika theluji, maili 123 kutoka kambi yao ya Little America. Ilikusudiwa wakae watu watatu, lakini vyakula vilivyofikishwa havikutosha. Wawili aliogopa wangegombana. Basi akakaa peke yake, akawaamuru wenzake wasije kumtafuta katika giza, hata kama atanyamaza.

Mwezi wa Aprili jua likatua, lisionekane tena kwa miezi minne. Baridi ilishuka kupita digrii 56 za Selsiasi chini ya sifuri. Kila siku alisoma vipimo vyake, na kwa siku zilizopangwa aliongea na kambi kwa simu ya upepo. Hakujua kwamba jiko lake na injini ya simu vilikuwa vikitoa hewa ya sumu, isiyo na rangi wala harufu. Siku ya mwisho ya Mei akaanguka karibu na injini. Tangu hapo alikuwa kati ya mauti mawili: akiwasha jiko, sumu, akilizima, baridi. Alilizima saa nyingi kila siku, akalala akitetemeka.

Hata hivyo hakuwaambia wenzake kwamba anaumwa, maana alijua watakuja, na njiani mna nyufa za barafu zenye kina kikubwa. Akajikokota mpaka kwenye simu, akatuma salamu kama mtu mzima. Lakini maneno yake yakaanza kuvurugika, nao kule kambini wakatambua. Daktari Poulter, mtaalamu wa elimu ya sayansi, akatoka na wenziwe wawili kwa trekta. Mara mbili walirudishwa na giza, dhoruba na kuharibika kwa mitambo. Mara ya tatu, Agosti 10, wakaona moto aliouwasha Byrd juu ya theluji. Akawakaribisha supu, kisha akaanguka pale pale.

Hakuweza kusafirishwa. Watu wanne wakabanana katika kibanda cha mtu mmoja zaidi ya miezi miwili, watatu wakimuuguza mkuu wao, mpaka eropleni ilipokuja katikati ya Oktoba.

Byrd alirudi kusini mara nyingine tatu, na mwaka 1956 akaruka tena juu ya ncha ile. Alifariki Boston mwezi Machi 1957, akazikwa katika makaburi ya askari ya Arlington.