Neuber, daktari aliyejaza kovu kwa mafuta ya mgonjwa

KOVU lililobonyea shavuni mwangu nililipata utotoni, usaha wa jino ulipotoboa ngozi. Mwaka jana, nikiwa na mabunda yangu ya vitenge Old Town, Lilongwe, muuza vipodozi mmoja aliahidi kulijaza kwa sindano, chumbani kwake, siku hiyohiyo. Nilikuwa nimekwisha kuhesabu kwacha. Aliyenizuia ni mama mmoja Mkongo, mteja wangu wa kambi ya Dzaleka, aliyewahi kuwa muuguzi Bukavu. Ndiye aliyenisimulia habari za Gustav Neuber.

Neuber alizaliwa mwaka 1850, akafanya kazi mjini Kiel, kaskazini mwa Ujerumani, chini ya daktari bingwa Friedrich von Esmarch. Enzi hizo wagonjwa wengi waliponea kisu wakauawa na usaha. Alipofungua kliniki yake katika miaka ya 1880, alitenga chumba cha kupasulia majeraha safi na kingine cha yenye usaha. Mapazia na mapambo hayakutakiwa mle.

Mwaka 1893 aliwaeleza madaktari wenzake kisa cha mgonjwa mwenye kovu chini ya jicho. Ugonjwa ulikuwa umekula mfupa, ngozi ikagandamana nao. Neuber aliibandua, akachukua vipande vya mafuta mkononi mwa mgonjwa huyohuyo, akavipanga humo. Alitaka vipande vidogo tu. Mafuta ya mwili ni nyama hai. Yasipopata damu upesi kutoka pembeni, hufa. Kubwa zaidi, mwili hauyakatai, kwa kuwa ni yake mwenyewe.

Kumbe watu walipenda njia ya mkato. Mwaka 1899 Robert Gersuny wa Vienna alianza kudunga vaselini. Hakuna kisu, hakuna kulala hospitalini! Ikaenea, kisha nyuso zikaota mavimbe magumu, na wengine wakapofuka. Nadhani chupa ya yule wa Old Town ni ukoo mmoja na hiyo.

Neuber alifariki mwaka 1932. Siku hizi daktari wa upasuaji hufyonza mafuta tumboni au pajani kwa mrija mwembamba, hukata nyuzi zinazovuta kovu chini, kisha huyadunga kidogokidogo. Sehemu hunyonywa na mwili, hivyo huenda mtu akarudi mara ya pili.

Mimi kovu langu ninalo bado. Zile kwacha niliongezea mtaji wa vitenge.