Habari za Adriano Atiman, Mganga wa Karema

Wengi wetu tumesikia habari za watu wa Ulaya waliovuka bahari, wakalima nyika za Marekani na kuanzisha huko vijiji vya wakulima. Lakini katika nchi yetu nako walikuwako wageni walioanzisha makao mapya, wala wengi wao hawakuondoka kwao kwa hiari. Mmoja wao ni Adriano Atiman wa Karema, kando ya Ziwa Tanganyika, katika nchi ambayo leo ni Mkoa wa Katavi.

Alizaliwa yapata mwaka 1866 karibu na mto Niger, si mbali na mji wa Timbuktu. Angali mtoto alikamatwa na watekaji, akauzwa, akavushwa jangwa kubwa la Sahara. Mwaka 1876 Mapadre Weupe wakamkomboa huko Algeria, wakamlea na kumfundisha. Mkuu wao, Kardinali Lavigerie, alitaka Waafrika watibiwe na Waafrika wenzao, basi Atiman akapelekwa kisiwa cha Malta pamoja na vijana wengine wajifunze uganga. Mwaka 1888 akafika Unguja, akashika njia ya bara pamoja na msafara, hata mwaka 1889 akawasili Karema.

Karema ilikuwa boma lililojengwa na Wabelgiji mwaka 1879, nao mapadre wakalipokea mwaka 1885. Hapo walikusanywa watu waliokombolewa utumwani, wa makabila mbalimbali, wasio na ukoo wala mjomba wa kuwaombea shamba. Wakapewa mahali pa kulima, wakajenga nyumba, wakaanza maisha upya. Wala tusifiche neno: uhuru wao ulikuwa na mipaka, kwa maana mapadre ndio waliotawala mahali pale na kuagiza kazi. Tena nchi yenyewe ilikuwa na wenyewe, Wabende. Je, watu waliotupwa huku na huku wangewezaje kuwa wenyeji?

Atiman alilijibu neno hilo kwa maisha yake. Alimwoa Agnes Wansahira, binti wa ukoo wa kitemi wa Wabende, na hivyo mgeni akapata shemeji na wakwe katika nchi ile. Kisha akashika kazi yake. Kijiji hakisimami kwa jembe peke yake. Mkulima akilala na homa wakati wa mvua, nyumba yake italala njaa mwaka mzima. Basi Atiman akatibu wagonjwa, akajifunza pia dawa za miti ya nchi. Hata ugonjwa wa malale ulipoingia pwani za ziwa mwanzoni mwa karne ya 20, ukaua watu wengi, yeye alidumu kati ya wagonjwa.

Wadachi walitawala wakaondoka, Waingereza wakaingia, naye Atiman alikuwa pale pale. Mwanawe Yosefu akawa padre. Mwaka 1956 Atiman akafariki Karema, baada ya utumishi wa miaka 67.

Yeye alikuwa mtu wa Kanisa la Roma, nasi tu Walutheri. Lakini jema ni jema, lolote lilikotoka. Aliyenyang'anywa kwao akiwa mtoto aliwasaidia wengine kupata kwao. Basi, ndugu, mgeni akija kijijini kwetu kutafuta shamba, tusimwulize kwanza ukoo wake. Tumwonyeshe kisima kilipo.