Benedicto Kiwanuka: Jaji Mkuu Aliyekataa Kupindisha Sheria



Tukitaja mashujaa wa imani, wengi tunawaza mapadre, masista na mashahidi wa Namugongo. Leo tumtazame mlei, baba wa familia, mtu wa suti na mafaili. Ni Benedicto Kiwanuka wa Uganda, aliyeanza kama wakili na kuishia kuwa Jaji Mkuu wa nchi yake. Si mtakatifu aliyetangazwa na Kanisa, ila maisha yake yana somo kubwa kwa kijana anayetafuta kazi, hasa hapa kwetu Dodoma ambako ofisi za serikali ziko kila upande.

Benedicto alizaliwa tarehe 8 Mei 1922 upande wa Masaka, katika familia ya Kikatoliki. Msimchanganye na Askofu Joseph Kiwanuka, aliyewekwa wakfu na Papa Pius XII mwaka 1939 na kuiongoza Masaka. Jina moja, eneo moja, lakini watu wawili tofauti.

Vita Kuu ya Pili ilipokuwa imepamba moto aliingia jeshini, King's African Rifles, mwaka 1942, akatumikia hadi 1946. Vita ilipoisha hakuridhika na elimu aliyokuwa nayo. Alisafiri mpaka Lesotho, enzi hizo ikiitwa Basutoland, akasoma katika chuo cha Kikatoliki cha Pius XII kilichokuwa mji wa Roma. Ndiyo, huko nako kuna Roma! Baadaye akaenda London kusomea sheria, na mwaka 1956 akapata haki ya kuwa wakili. Hesabu mwenyewe: alikuwa na miaka kama 34. Kwa hiyo wewe wa miaka 25 unayeona umechelewa, tulia kwanza.

Alirudi Kampala akafungua kazi ya uwakili, lakini siasa ikamvuta. Mwaka 1958 akawa kiongozi wa Democratic Party, chama ambacho Wakatoliki wengi walikuwa nguzo yake. Mwaka 1961 chama chake kilipata viti vingi bungeni, naye akawa Waziri Kiongozi. Tarehe 1 Machi 1962 akawa Waziri Mkuu wa kwanza wa Uganda. Furaha haikudumu. Uchaguzi wa Aprili mwaka huohuo akashindwa, na bendera ya uhuru ikapandishwa tarehe 9 Oktoba 1962 Milton Obote akiwa ndiye Waziri Mkuu. Kiwanuka akarudi kwenye uwakili wake. Mwaka 1969 serikali ya Obote ikamtia ndani.

Sasa sikilizeni hapa, maana ndipo mtihani wenyewe ulipoanzia. Januari 1971 Idi Amin alimpindua Obote, akawafungua wafungwa wa kisiasa, Kiwanuka akiwa mmojawapo. Juni mwaka huohuo Amin akamteua kuwa Jaji Mkuu, Mwafrika wa kwanza wa Uganda kushika kiti hicho. Yaani mtu amekutoa gerezani, kisha amekupa cheo kikubwa kuliko vyote mahakamani. Kwa hesabu za mtaani, ana deni lako. Akikupigia simu siku moja kuomba "kasaidie jambo fulani", utasemaje?

Kiwanuka alielewa kwamba kiti kile hakikuwa zawadi yake binafsi. Kazi ya jaji ni kuilinda sheria, na sheria inambana hata aliyekuteua. Mwaka 1972 mambo Uganda yakachafuka. Agosti, Amin aliwapa Waasia siku 90 kuondoka. Wanajeshi walikuwa wakikamata watu ovyo, na wengine hawakurudi nyumbani. Ndipo ikaletwa mahakamani kesi ya Mwingereza mmoja, Stewart, aliyekuwa anashikiliwa na jeshi. Ombi lilikuwa rahisi: waliomshika waeleze wamemshika kwa sheria ipi. Kiwanuka akaamua kwamba jeshi halikuwa na mamlaka ya kumshikilia, akaamuru aachiliwe.

Hebu fikiria uzito wa uamuzi huo. Stewart hakuwa ndugu yake. Hakuwa wa kabila lake wala wa chama chake. Alikuwa raia wa nchi iliyowahi kuitawala Uganda, wakati ambapo kuwachukia wageni kulikuwa kunakupa sifa kwa wakubwa. Lakini mbele ya jaji yule alikuwa binadamu aliyefungwa bila sheria, basi.

Katikati ya Septemba 1972 wafuasi wa Obote waliingia Uganda wakitokea huku kwetu Tanzania, wakashindwa. Amin akazidi kuona wasaliti kila kona. Tarehe 21 Septemba watu wenye silaha waliingia Mahakama Kuu mjini Kampala, wakamkamata Jaji Mkuu palepale kazini kwake na kuondoka naye. Aliuawa. Mwili wake haukurudishwa kwa familia mpaka leo. Mke na watoto hawakupata hata kaburi la kuwekea maua. Januari 1973 Padre Clement Kiggundu, mhariri wa gazeti la Kikatoliki la Munno, naye akauawa. Utawala ule ulianguka Aprili 1979, baada ya vita ambayo wazee wetu wengi hapa Dodoma bado wanaikumbuka.

Je, Kiwanuka alishindwa? Ukiangalia haraka, ndiyo. Lakini leo ni Mahakama ya Uganda yenyewe inayomkumbuka kwa mhadhara wenye jina lake, na majaji vijana wanajifunza kwake maana ya kiapo. Anatukumbusha Mt. Thomas More, mwanasheria na Chansela wa Uingereza aliyeuawa mwaka 1535 kwa sababu alikataa kumfuata mfalme kinyume cha dhamiri yake.

Kijana wa Nkuhungu, pengine hutakuwa jaji. Utakuwa karani, mgambo, muuguzi, mhasibu wa VICOBA, au utasimamia mlango wa ofisi fulani. Siku itafika ambapo aliyekuunganishia kazi atataka umlipe kwa kufuta jina la mtu, au kwa kumruka aliyetangulia kwenye foleni. Shukrani ni fadhila njema. Mshukuru kwa heshima, muombee, mtembelee akiugua. Ila haki ya mtu mwingine si mali yako, huwezi kuitoa kulipia deni lako.

Kwa tafakari ya jumuiya wiki hii: someni Marko 6:17-29, habari za Yohane Mbatizaji na Herode. Kisha kila mmoja ajiulize: nani ananidai fadhila, na nitaweka mpaka wapi?

Tuwaombee mahakimu, mawakili na askari wetu. Baba Yetu... Salamu Maria...