ANSELME PAYEN, MTU WA KIWANDA NA WA KITABU

Wandugu wanafunzi, tunavaa nguo za pamba kila siku, lakini wachache kati yetu wanajua jina la Anselme Payen. Tumependa kuwaelezea maisha yake kwa ufupi.

Payen alizaliwa Paris, Ufaransa, tarehe 6 Januari 1795. Baba yake alikuwa na viwanda, na ni yeye mwenyewe aliyeanza kumfundisha sayansi nyumbani. Alipokuwa bado kijana, alipewa kuongoza kiwanda cha boraksi. Mwaka wa 1820 baba akafa, na mzigo wa viwanda ukabaki juu yake.

Mwaka wa 1833, yeye na mwenzake Jean-François Persoz walichukua shayiri iliyoota, wakaitwanga na kuichuja kwa maji. Walipotia alkoli ndani ya maji yale, unga mweupe ukashuka chini. Kidogo tu cha unga huo kiligeuza amido nyingi kuwa sukari katika maji ya moto. Lakini ukichemshwa, nguvu yake inakufa. Wakauita diastazi. Ilikuwa enzimi ya kwanza kutolewa na watu namna hiyo.

Sasa jambo hilo linahusu nguo namna gani? Mafundi wa kusuka wanapaka nyuzi amido ili zisikatike kwenye mashine. Kisha amido hiyo inazuia maji na rangi, na nguo inatoka na madoa. Inaweza kuondolewa kwa asidi, lakini asidi ikizidi inakula pamba yenyewe. Diastazi inakata amido tu, pamba inabaki nzima. Maana pamba ni selulozi, na ni Payen tena aliyeitambua na kuipa jina, mwaka wa 1838. Amido na selulozi zote zimejengwa na sukari ileile, lakini zimefungwa mbalimbali: ufunguo wa moja haufungui nyingine.

Persoz naye alifundisha kazi ya kutia nguo rangi, na mwaka wa 1846 alitoa kitabu kikubwa juu ya kuchapa vitambaa. Kumbe usafi na rangi vilikuwa jirani tangu zamani! Leo mafundi wanatafuta kufanya kazi zote mbili ndani ya maji yaleyale, ili kupunguza maji na moto. Enzimi inatangulia, ikimaliza, wanatia rangi na chumvi, mwisho soda ya kushikisha rangi. Soda ikitangulia, enzimi inaharibika bure.

Payen aliacha viwanda akawa mwalimu, tangu 1835. Alikufa Paris mwezi wa Mei 1871, mji ukiwa katika vita.

Kuna wanafunzi wanaodharau kazi ya mikono, na wengine wanaochoka na kitabu. Mtu huyu alishika vyote viwili. Mungu ametupa akili na mikono pia. Tusiache kimoja kilale.